Mfaransa wa Ukutani Kwetu

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asije akangojea ushujaa wangu akachoka bure. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa mtu anayenyamaza ghafla katikati ya maneno, na mpaka leo mtu akibisha hodi mara moja tu kisha akatulia, sifungui mlango. Wajukuu zangu hunicheka. Waache wacheke. Wao hawakukulia Kariakoo miaka ile ya Azimio la Arusha, katika nyumba yenye picha ya Mfaransa ukutani.

Mfaransa mwenyewe alikuwa mwimbaji na mchezaji wa sinema, mtu mwenye jina kubwa huko kwao. Sisi jina hilo lilitushinda kutamka. Tulimwita Mfaransa tu, na tulimzungumzia kama watu wanavyomzungumzia mjomba anayeishi mbali: mara kaoa, mara kaugua, mara kagombana na mwenye baa. Baba ndiye aliyemleta nyumbani. Alikuwa kuli bandarini, tena wa wale walioruhusiwa kuingia mpaka ndani ya meli, na meli za Kifaransa zilipofunga gati mabaharia walimpa magazeti waliyokwisha kuyasoma. Mama aliyataka ya kufungia maandazi yake. Baba aliyataka kwa sababu ya Mfaransa.

Kifaransa baba hakujua hata neno. Alikuwa na rafiki wa zamu yake, Mngazija mtu mzima, aliyesoma kwao chini ya Wafaransa. Saa ya chakula walikaa kwenye kivuli cha magunia, Mngazija akisoma na kufasiri, baba akitia kichwani. Jumapili alasiri mimi na mama tulitandika mkeka chumbani, baba akatumwagia yote, na chumvi yake juu.

Kwa masimulizi ya baba, Mfaransa alizaliwa katika mji wa bandari na baba yake alikuwa kuli. Hapo baba alikuwa akisimama kidogo ili tusikie vizuri. Kuli! Na yeye mwenyewe alipokuwa kijana alibeba magunia, na ndiye aliyewaimbia wenzake ili wanyanyue kwa pamoja, mpaka mwenye baa mmoja akamsikia akamchukua. Siku ya kwanza jukwaani miguu ilimlegea kwa hofu, akaketi chini, akaimba ameketi. Watu wakadhani huo ni mtindo mpya, wakampigia makofi, na tangu hapo akalazimika kuimba ameketi hata siku ambazo miguu ilikuwa mizima. Hofu yenyewe haikumwacha. Akatajirika, akawa na gari, akaoa na kuacha mara tatu, na bado kabla ya kila onyesho alitapika ndani ya ndoo aliyoshikiwa na mtumishi. Kisha ikaja sinema. Mchezaji aliyepangwa alivunjika mguu, wakamvika Mfaransa nguo za askari zilizombana, na kwa sinema ile dunia nzima ikamjua. Baadaye sauti ilimkauka, akanyamaza miaka, akarudi anaimba kama mtu mwenye mafua, na watu wakampenda zaidi.

Mama alipenda kisa cha wake watatu. Mimi nilipenda ndoo. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima, tena mwanamume, tena Mzungu, aliye mwoga kuliko mimi.

Ile sinema ya askari tuliiona. Tulikata Mnazi Mmoja kwa miguu mchana wa Jumapili kwenda mjini, tukakaa viti vya mbele vya bei ndogo, ambako shingo huuma siku mbili. Maneno hatukuyaelewa, lakini baba alikuwa na kisa tayari, akikisema kwa sauti, na watu wa viti vya mbele wakimwambia, "Endelea, mzee!" Picha ya ukutani kwetu ilitoka katika sinema hiyo hiyo: Mfaransa na kofia ya chuma, bunduki kifuani, sigara mdomoni, anacheka. Baba aliikata gazetini akaipeleka kwa fundi wa fremu, Mhindi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na Mnazi Mmoja, siku ile ile aliyopeleka picha ya Rais. Fundi alimpunguzia bei kwa kuwa fremu zilikuwa mbili za namna moja. Hizo fremu ndizo zilizotuponza.

Mwaka huo Idi ilipokaribia, mama alipaka chumba chokaa, kama watu wote wa mtaani walivyofanya. Ukipaka chokaa unatoa kila kitu uani: kitanda, kabati la vyombo, masanduku, picha. Picha ziliegemezwa ukutani juani, Rais na Mfaransa bega kwa bega, fremu moja. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita na uani ni kwa wapangaji wote. Chumba cha mbele aliishi kijana mmoja wa mgambo. Akatoka bafuni na ndoo yake, akazitazama zile picha, kisha akamtazama Mfaransa peke yake, muda mrefu mno.

"Mama, huyu nani?"

"Huyo ni wa baba mtoto," mama akajibu bila kugeuka, mikono yote chokaa.

Jibu baya. Lakini ni lazima ujue siku zile zilivyokuwa. Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma wakipigana na ndugu zetu, wapigania uhuru walikuwa wanaishi mjini humu humu, na redio ilituambia kila siku tuwe macho na mabeberu, vibaraka na mamluki. Mamluki ndio waliotutisha sisi watoto kuliko majini na mashetani. Mzungu mwenye bunduki anayeua kwa malipo! Shuleni tuliwahi kumchora, na naapa tulimchora na kofia ya chuma na sigara mdomoni. Kijana wa mgambo hakuwa mtu mbaya. Aliona mamluki ndani ya fremu ya Rais, katika nyumba ya mtu anayeingia melini kila siku. Ningekuwa yeye ningekimbia. Yeye hakukimbia, alikwenda kwenye tawi la chama.

Kesho yake hodi ikapigwa mara moja. Alikuwa balozi wetu, yaani kiongozi wa chama wa nyumba zetu kumi, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya nyumba ya pili. Tulimzoea. Mikutanoni alikuwa mkali kwa mambo mawili, takataka na sinema za kigeni, ambazo aliziita kasumba za kikoloni zinazooza vijana. Siku hiyo hakuwa mkali. Alisimama mbele ya picha, ambayo ilikuwa imesharudi ukutani, akaitazama, kisha akamtazama baba.

"Ndugu yangu, mbona umejifanyia hivi?"

"Huyo ni mwimbaji, balozi. Wa sinema."

"Habari imeshafika tawini. Ingekuja kwangu kwanza... Katibu anakuja Jumamosi. Usiitoe, wala usiichome. Na pasi yako ya bandari uwe nayo."

Kusikia pasi, nilimsogelea mama. Ile pasi ndiyo iliyompitisha baba getini na kumwingiza melini. Bila pasi angebaki kubeba mizigo ya watu sokoni, leo upate, kesho ukose. Na hayo yalikuwa ndiyo nafuu. Mtaa wa pili kulikuwa na mwalimu aliyechukuliwa na Landrova asubuhi kweupe, akarudi baada ya miezi mingi, na hakuna aliyewahi kumsikia akieleza alikokuwa. Sisi watoto tulimpisha njia, tukahamia upande wa pili wa barabara. Sasa kila nikifumba macho nilimwona baba anarudi vile, na watoto wanampisha.

Wiki ile nyumba yetu iliingia baridi. Jirani aliyezoea kuja kuomba chumvi akaanza kuiombea mbali. Nikitokea uani, mazungumzo yaligeuka yakawa ya mvua. Baba alikoma kula. Gari likipunguza mwendo nje, mkono wake ulikwenda mfukoni kugusa pasi, na mimi nikiuangalia ule mkono mpaka gari lipite. Mama, ambaye hofu humtoka kwa njia ya mdomo, hakunyamaza.

"Choma hiyo karatasi."

"Nikiichoma nimekiri."

"Basi itoe kwenye fremu ya Rais."

"Imeshaonekana ndani ya fremu, mama watoto."

Mtu mmoja tu angeweza kutueleza kwa katibu, akasema Mfaransa ni nani na magazeti yameandika nini: yule Mngazija. Alikuja Alhamisi jioni. Hakuingia hata kwenye korido, alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Mimi usinitaje, ndugu yangu. Nakuomba kwa Mungu. Wewe una kwenu hapa. Mimi wakiniuliza karatasi za kuishi hapa, sina."

Baba akamwahidi. Mlango ulipofungwa mama akasonya, msonyo mrefu ambao nina hakika ulimfuata yule mzee mpaka kona.

"Rafiki huyo!"

"Ana watoto watano, mwache."

"Na wewe una nini, mbuzi?" Kisha sauti ikashuka. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ukiulizwa, sema umeiokota. Umeipenda sura, basi. Usimtaje mtu, usijitie kimbelembele."

Baba akakubali, na mimi nikamwomba Mungu asimsahaulishe.

Jumamosi baada ya alasiri walikusanyika barazani. Wanaume walikaa kwenye mikeka, wanawake walijaa kwenye korido, na mimi nilijibana katikati ya mama na mlango. Katibu wa tawi alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, na sauti yake ilikuwa ya chini na ya upole. Afadhali angefoka. Mtu anayefoka unajua amefika wapi. Picha iliwekwa juu ya kigoda, Mfaransa akitucheka wote.

"Ndugu, huyu ni nani?"

Baba akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Nakuuliza kwa wema, ndugu."

"Ni wa... ni..." Kijasho chembamba kilimtiririka mpaka kidevuni. Mtu aliyewasimulia viti vyote vya mbele vya sinema! Nilimtazama mdomo wake ukicheza bila sauti. Balozi alikuwa pembeni ya katibu, futi yake ya kupimia nguo ingali shingoni, amekiinamia kidole chake cha mguu.

"Sema, ndugu," alimwambia baba bila kuinua kichwa. "Sema kama ulivyoniambia mimi."

Baba alitikisa kichwa. Hakuweza. Katibu akangoja, kisha akanyoosha mkono.

"Pasi."

Baba akaitoa mfukoni akampa. Katibu akaiweka juu ya goti lake na kuanza kuinyoosha kona iliyokunjika. Nilipoona vile, sijui ilinitokaje.

"Baba yake ni kuli!"

Wote wakanigeukia. Mtoto wa kike, darasa la sita, kudakia maneno ya wakubwa. Mama alinifinya paja mpaka machozi yakanilenga.

"Nani huyo?" katibu akauliza. "Njoo hapa mbele."

Nikaenda. Nikaamkia, na shikamoo yangu ilitoka kama mlio wa kuku.

"Marahaba. Baba yake nani ni kuli?"

"Baba yake Mfaransa."

Nikaanza hapo, kwa kuwa sikujua pengine pa kuanzia. Nikasema habari za magunia na mwenye baa. Nikasema alivyoketi chini jukwaani, na watu walivyodhani ni mtindo. Nilipofika kwenye ndoo mtu mmoja nyuma akacheka, wakacheka wengine, hata kijana wa mgambo akaangalia pembeni akijificha. Kona ya mdomo wa katibu ilisogea. Maneno yalikuwa yanatoka kwa sauti ya baba na mapumziko ya baba, na niliona kwamba kadiri ninavyosema, ile pasi imetulia gotini, haijaingia mfukoni. Basi nikaogopa kunyamaza. Nikawasimulia sinema yenyewe.

"Siyo mamluki. Ni askari wa nchi yao wenyewe. Nchi yao imevamiwa, na yeye anapigana na wavamizi. Mpaka mwisho wanampiga risasi darajani, anakufa."

"Kanisani," balozi akasema. "Darajani alijeruhiwa tu. Kufa, alifia kanisani, kwenye ngazi."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto anayesoma, na nadhani yeye mwenyewe hakusikia amesema nini mpaka alipoona hakuna anayepumua. Wote pale barazani walikuwa wamewahi kukemewa naye kwa ajili ya sinema. Katibu akageuka polepole.

"Ndugu Balozi umeiona?"

Nimeshasema mimi ni mwoga, na mwoga huwajua wenzake. Uso wa balozi ulisawijika. Midomo ilisogea, mkono ukaenda shingoni ukaishika futi ukaivuta, ukaivuta tena. Hakumtazama katibu. Alimtazama baba. Mtu anayewakataza wenzake sinema na yeye huenda kwa kificho, kisha anaficha kwamba anamjua mtu wa pichani huku jirani yake akikaangwa wiki nzima: siku zile ubalozi ulikuwa kitu kidogo kati ya vitu ambavyo angeweza kupoteza. Na alichotakiwa baba ni kunyamaza tu. Alikuwa ameshanyamaza vizuri tangu mwanzo.

"Mimi nilimsimulia."

Ilikuwa sauti ya baba, ile ya viti vya mbele.

"Alipokuja kuuliza habari za picha, Ndugu Katibu, nikamsimulia kisa kizima, mpaka kanisa na ngazi zake. Mtoto amekosea. Mimi nawasimulia wengi, kazini, nyumbani, popote."

"Kwa hiyo kutundika hakukutosha. Unaeneza."

"Ndiyo, ndugu."

"Na nani anayekupa habari hizi?"

"Nimeona sinema mwenyewe. Mengine nimeyatunga."

Mama alitoa mlio mdogo. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa baba na niliona mikono yake imeng'ang'ania magoti, lakini hakubadili neno. Katibu akasema, kwa upole ule ule, kwamba suala la mamluki limekwisha, chama hakina ugomvi na mwimbaji. Lakini mtu anayeeneza kasumba za wageni hawezi kuachwa aingie kwenye meli za wageni. Akaitia pasi mfukoni, akafunga na kifungo. Kisha akamwambia balozi aitoe ile picha kwenye fremu. Balozi alivuta misumari kwa mkasi wake wa kazi, na kila msumari ulimchukua muda.

"Jumatatu ufike tawini," katibu akamwambia baba.

Jumapili haikuwa siku, ilikuwa ni kungojea tu. Balozi hakuja kwetu na cherehani yake haikusikika. Jumatatu mama aliunguza maandazi karai zima. Kila gari lililopita nililisikiliza linavyopungua na kuongeza mwendo, na nilishapanga moyoni kwamba baba akirudi kimya kama yule mwalimu, mimi sitampisha njia, nitamshika mkono hata wenzangu wanione.

Adhuhuri imekwisha adhiniwa tulipomwona anakuja kwa miguu yake. Hakuwekwa ndani. Walimwonya, wakampa barua ya kazi nyingine katika maghala yaliyo nje ya geti, kubeba magunia kutoka kwenye malori. Melini hakuingia tena maisha yake yote, na mgongo wake ulikwisha mapema.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalipuka.

"Ungenyamaza! Ulikuwa umeshapona! Mtoto amekutoa, yule amejiingiza mwenyewe kwa mdomo wake. Ungemwacha aliyeona sinema ajijibie!"

Baba aliketi kitandani, akavua viatu.

"Ulijua watakunyang'anya?" mama akamuuliza.

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Alivisukuma viatu chini ya kitanda.

"Uliuona uso wa balozi, alipogeukiwa na katibu?"

"Niliuona. Ulikuwa umekwisha kabisa."

"Huo ndio uso nilioutembeza mimi wiki nzima. Nilikuwa nao tu, sijawahi kuutazama. Juzi ndiyo nikautazama. Nikashindwa kumwacha nao."